Nyumba bila dohani si nyumba bora



Naomba nafasi nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo nadhani tumelisahau wakati tunapohimizana kujenga nyumba bora vijijini. Jambo hilo ni hewa tunayoivuta ndani ya nyumba hizo.

Hakuna mwananchi asiyefurahi kuona vijiji vyetu vikibadilika. Hapa kwetu mkoani Njombe nyumba za nyasi zinakwisha, na mahali pake zinasimama nyumba za matofali ya kuchoma na mabati. Hayo ni maendeleo na mimi nayaunga mkono. Lakini ukiingia jikoni utakuta mafiga ni yale yale matatu, kuni ni zile zile na moshi ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba moshi huo sasa hauna pa kutokea. Paa la nyasi lilikuwa likipitisha moshi kidogo kidogo, na kati ya ukuta na paa palikuwa na uwazi. Leo fundi anaziba uwazi huo mpaka kwenye bati, na dirisha la jiko analifanya dogo kama la stoo, au haliweki kabisa kwa kuogopa baridi ya Juni na Julai. Hivyo tumejenga tanuri, tukaliita nyumba ya kisasa.

Wanaochomwa na tanuri hilo ni akina mama na watoto. Mama hupika akiwa na mtoto mchanga mgongoni, na binti wa shule ndiye anayepuliza moto alfajiri. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wenye umri chini ya miaka 5. Moshi huo huleta nimonia kwa watoto, na kwa watu wazima huleta magonjwa ya mapafu, ya moyo, kiharusi na mtoto wa jicho. Sisi walimu tunawapokea watoto asubuhi wakiwa na macho mekundu na kikohozi kisichokwisha. Mzazi ukimwuliza atasema ni baridi tu.

Iko hatari nyingine katika mikoa yetu ya baridi. Watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Mkaa ukiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu husikia kichwa kizito, akashikwa na usingizi, na huenda asiamke tena. Mkaa usiotoa moshi si mkaa usioua.

Najua wapo watakaosema kwamba dawa ya mambo haya ni gesi na umeme. Ni kweli. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Naupongeza mkakati huo. Lakini tuseme ukweli. Hata katika nyumba zenye mtungi, gesi ni ya chai, na makande na maharage hurudi kwenye kuni, kwa sababu kujaza mtungi ni gharama kwa mkulima anayesubiri mavuno. Mtoto anayezaliwa leo atakuwa amemaliza darasa la kwanza au la pili kabla ya mwaka 2034 kufika. Mapafu yake hayawezi kusubiri.

Wazee nao husema kwamba moshi una faida, kwani hukausha mahindi darini na kufukuza wadudu. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Siku hizi ipo mifuko maalumu isiyopitisha hewa ambayo huhifadhi mahindi yaliyokaushwa vizuri juani bila moshi wala dawa. Tusifukize watoto kwa ajili ya mahindi.

Wengine wanahofu kwamba tukiacha nafasi ya hewa tutakaribisha mbu. Hao wajibiwe kwa mfano wa Mtwara. Huko watafiti walijenga nyumba 110 za mfano katika vijiji 60, zenye madirisha na kuta za kupitisha hewa zilizowekwa wavu, na jiko lenye njia ya kutolea moshi. Watoto walioishi humo walifuatiliwa kwa miaka kadhaa wakilinganishwa na wenzao wa nyumba za kawaida. Walionekana kupungukiwa na malaria, magonjwa ya kuhara na maradhi ya njia ya hewa. Kumbe hewa inaweza kuingia na mbu akabaki nje.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo.

Kwanza, kila jiko linalojengwa liwe na dohani ipitayo juu ya paa. Hewa ya moto hupanda. Ukiipa njia itaondoka na moshi wake. Matofali machache na udongo vinatosha, na fundi wa kijiji anaweza kuijenga.

Pili, jiko liwe na madirisha mawili yanayotazamana, na uwazi wa juu ya ukuta usizibwe bali uwekwe wavu.

Tatu, mafiga yaachwe, yajengwe majiko banifu ya udongo yanayokula kuni kidogo, na kuni zikaushwe kabla ya kutumika. Kuni mbichi ni moshi mtupu.

Nne, nyumba zote za umma vijijini, zikiwemo nyumba za walimu na za waganga, ziwe mfano. Si haki kumhimiza mwananchi ajenge dohani wakati nyumba ya mwalimu wake haina. Nchi yetu ina wataalamu wa utafiti wa ujenzi tangu mwaka 1971. Ramani zao zifike mpaka kwa fundi wa kijiji, kwa Kiswahili na kwa picha.

Mambo haya hayahitaji fedha za kigeni. Wazee wanatusimulia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu. Kama taifa maskini liliweza kuchimba vyoo kwa majembe yake, hatushindwi leo kutoboa paa ili moshi utoke.

Natoa wito kwa maofisa afya, wenyeviti wa vijiji na walimu wenzangu tuanze na majiko yetu wenyewe. Mtu akituonyesha nyumba yake mpya, tusiishie kusifu bati linalong'aa. Tuombe kuona jikoni.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Njombe.