Fedha ya Mwenzako ni Amana



Kila mshahara wa walimu unapotoka, manung'uniko yale yale husikika mbele ya milango ya benki. "Mbona fedha yangu imepungua?" Karani hujibu kwa neno moja: "Makato." Makato gani, na kwa kazi gani? Hapo hakuna maelezo. Anayeuliza mara ya pili huambiwa arudi kesho.

Kwa mtu wa mjini, kesho ni neno jepesi. Kwa mwalimu atokaye Komanda kwenda Bunia, mwendo wa kilometa 75 hivi, kesho ni malazi na chakula, na tena ni siku nyingine ambayo watoto watakaa darasani bila mwalimu. Nazo barabara za Irumu zimekunywa damu ya wasafiri wengi katika miaka hii. Si haki mtu apitishwe njia hiyo mara mbili kwa ajili ya uvivu wa aliyekaa nyuma ya dirisha.

Hatulaumu benki kwa kuwa ni benki. Tangu mwaka 2011, Serikali ya Kongo ilipoanza kuwalipa watumishi wake kwa njia hiyo, faida imeonekana: mshahara ulioandikwa kwa jina la mwenyewe hauliwi upesi na mikono ya njiani. Twalaumu desturi ya kukata bila kueleza, na hasa mtego mmoja, yaani ruhusa ya kutoa fedha kupita akiba iliyomo. Mshahara ukichelewa, mwenye akaunti hupewa kidogo cha kumvusha. Siku mshahara ufikapo, benki hujilipa kwanza, deni pamoja na ada yake. Kilichobaki hakitoshi mwezi, naye hukopa tena.

Tutazame jirani zetu wa Kenya. Mwezi wa Januari 2019 ilianza huko huduma iitwayo Fuliza, ambayo humruhusu mtu kutumia kwa simu fedha zaidi ya alizo nazo. Hapo mwanzo, aliyedaiwa shilingi 500 alitozwa shilingi 5 kila siku, mbali na ada ya kwanza ya asilimia 1. Shilingi 5 si kitu, utasema. Lakini fanya hesabu: kwa siku 30 zimekuwa shilingi 150, karibu theluthi ya mkopo wenyewe! Mwaka 2022 ada hizo zilipunguzwa. Kwa kiasi hicho hicho ikawa shilingi 3 kwa siku, na siku 3 za kwanza bila ada ya kila siku. Haba na haba hujaza kibaba. Na kwa haba na haba kibaba huwa kitupu.

Je, Kanisa lasemaje? Mwaka 1462, katika mji wa Perugia, Italia, Ndugu Wafransisko walisaidia kuanzisha nyumba ya kuwakopesha maskini kwa rehani, wapate kuokoka mikononi mwa wakopeshaji wakali. Watu wakabishana: nyumba ya namna hii yaweza kutoza cho chote? Mwaka 1515 Papa Leo X, katika Mtaguso wa Tano wa Laterano, akakata shauri: ni halali kutoza kiasi cha kulipia watumishi na gharama, bila kutafuta faida. Benki ya leo si nyumba ya sadaka, nayo yaweza kupata faida ya haki. Hata hivyo kipimo kile chatufaa: ada na ilipe kazi iliyofanyika, isifanye shida ya maskini kuwa shamba la kuvuna.

Katika kitabu cha Tobiti twasoma habari za Gabaeli. Tobiti alimwachia talanta 10 za fedha katika nchi ya Umedi, na hati ikaandikwa. Miaka mingi ikapita, Tobiti akawa kipofu na maskini. Malaika Rafaeli alipofika na hati ile, Gabaeli aliitoa mifuko yote, na mihuri yake ilikuwa mizima. Huyo alijua maana ya amana.

Basi, ndugu msomaji, shika mambo matatu. Kwanza, usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Uliza ada zote kabla, na ukiona aibu kuuliza, nenda na mwenzako. Pili, tunza kila stakabadhi na uandike kila kilichoingia na kilichotoka, maana mali bila daftari huisha bila habari. Tatu, makato yasipoelezwa, msigombane na karani dirishani; andikeni barua kwa mkuu wa tawi, walimu wa shule nzima kwa pamoja, na mbaki na nakala. Lakini deni la kweli lilipwe. Dawa ya deni ni kulipa, wala si vema kukopa kwa ajili ya pombe na kisha kuilaani benki.

Nanyi makarani, ambao wengi wenu twapiga magoti pamoja kila Dominika, kumbukeni jambo hili. Mwalimu aliyesimama mbele ya dirisha lenu tangu asubuhi hakuja kuomba sadaka. Amekuja kuchukua kilicho chake.