Pembezoni si Mahali pa Adhabu



Mwaka 1986 Kanisa liliunda eneo la kimisionari kwa ajili ya visiwa vya Mtakatifu Helena, Ascension na Tristan da Cunha, katika Bahari ya Atlantiki. Tristan ina wakazi wasiofikia 300, haina uwanja wa ndege, nayo iko zaidi ya kilomita 2,700 kutoka Cape Town. Kwa uamuzi huo Kanisa lilikiri kwamba umbali haulipunguzii kundi dogo haki yake. Hata hivyo, jina katika orodha ya Roma si mchungaji anayeishi na watu.

Sisi wa Katavi twalijua jambo hili. Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika walikabidhiwa ngome ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Karema ikawa kitovu cha uinjilishaji, na mwaka 1953 likawapo Jimbo la Karema. Mwaka 1969 likaitwa Sumbawanga. Mwaka 2000 likazaliwa Jimbo la Mpanda. Makao ya Askofu yalihama. Watu wa ziwani walibaki ziwani.

Wapo wasemao kwamba wachache walio mbali hawawezi kugharimiwa kama wengi walio karibu. Hoja hiyo twaikataa. Zahanati isiyo na mganga na kigango kisichoona padre kwa miezi huzaliwa na fikra moja: kwamba asiyefikika kwa urahisi anaweza kungoja. Baya zaidi ni desturi ya kumtishia mtumishi mkorofi, awe mwalimu, mganga au padre, kwamba atapelekwa pembezoni. Je, adhabu hiyo anaibeba nani? Ni mama mjamzito na mtoto wa darasa la kwanza, wasio na kosa lolote.

Adrien Atiman, aliyekombolewa utumwani na kusomea uganga Malta, hakuja Karema kwa adhabu. Alikaa, akaoa, akatibu na kufundisha dini kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956.

Basi twadai: watumwe pembezoni walio bora, wapewe nyumba na chombo cha majini, na wakae. Kanisa lianze lenyewe, ndipo liidai Serikali. Nanyi waamini wa vigango vya ziwani, andikeni kila siku ambayo zahanati ilifungwa na darasa lilikosa mwalimu, mkaipeleke orodha hiyo kwa Kamati ya Haki na Amani ya parokia. Malalamiko yasiyoandikwa husahauliwa upesi.

Tumsifu Yesu Kristo.