Mwenye Kuuguza Naye Apewe Maneno

Sisi wanaisimu chipukizi hufundishwa kwamba kitenzi uguza kimenyambuliwa kutokana na ugua kwa kiambishi cha kutendesha. Kwa kutazama umbo tu, mwenye kuuguza angekuwa ndiye mleta ugonjwa! Matumizi yanakana hilo, lakini nilipomuuguza mama niliyaonja yote mawili.

Maambukizi ya koo yaliyopuuzwa utotoni yalimzulia homa iliyoharibu vali ya moyo. Ilibidi apasuliwe kifua, awekewe vali bandia. Daktari, muungwana kwelikweli, alitueleza kwa Kiingereza. Baba akanigeukia: "Mwanangu, anasemaje?" Mimi, nihesabuye mizani za ubeti macho yamefumbwa, nikajibu, "Watamtengeneza moyo." Kwa maneno hayo mawili baba akatia sahihi.

Upasuaji ulipokuwa ukiendelea, jirani yetu benchini alimweleza kuwa moyo husimamishwa, mashine ikasukuma damu badala yake. Baba alinitazama kana kwamba nilimficha kifo. Hasha! Sikumficha, nilikosa maneno.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mwenye vali ya aina ile humeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote, na damu hupimwa mara kwa mara. Sukuma wiki ina vitamini K kwa wingi, nayo huipunguzia dawa hiyo nguvu. Mgonjwa hakatazwi kuila. Atakiwalo ni kiasi kisichobadilikabadilika. Baba, kwa kusikia nusu, alipiga marufuku mboga zote za majani. Mama akala ugali kwa maharagwe hadi akatuchukia.

Wapo wadaio kuwa Kiswahili hakina istilahi za kutosha kuingia chumba cha upasuaji. Sikubaliani nao. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia, na baba hakuhitaji istilahi. Alihitaji kuambiwa: "Watausimamisha moyo kwa muda, mashine itaushikia zamu, kisha watauanzisha tena." Ni neno gani hapo gumu?

Chama chetu hukesha kikibishania visawe vya tarakilishi. Napendekeza jioni moja ya muhula tuketi na wanafunzi wenzetu wa udaktari, tuandike kurasa mbili za kumsomea jamaa kabla hajatia sahihi. Ukurasa wa sukuma wiki nitauandika mimi.