Katiba imewataja wote wawili, mama na mtoto

Mwandishi, umeinukuu Katiba kuhusu mwanzo wa uhai, lakini umeishia katikati. Ni kweli, Kifungu cha 26(2) cha Katiba ya Kenya tuliyoipigia kura Agosti 2010 kinasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Sasa soma hadi 26(4): kutoa mimba kumekatazwa, isipokuwa mtaalamu wa afya aliyehitimu aone kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa iruhusu. Nayo Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 214, humhesabu mtoto kuwa mtu anayeweza kuuawa akishatoka kabisa tumboni mwa mamake akiwa hai. Sheria zetu zenyewe hazijakubaliana.

Mimi ni mama wa hapa Kiganjo, Thika. Mimba yangu ya pili iliharibika ikiwa na miezi minne. Nililia kama aliyefiwa, na hakuna atakayenishawishi kwamba hakuwa mwanangu. Lakini damu ilikuwa inanitoka, na wauguzi waliniwahi, nikarudi nyumbani kwa kifungua mimba wangu. Tumtetee aliye tumboni bila kumsahau anayembeba.