Ngome Isiyo na Chokaa

Msomaji wangu mpenzi, hebu nikuulize. Ukisikia neno "ngome", akili yako hukimbilia wapi? Yangu ilikuwa ikikimbilia Mombasa moja kwa moja, mpaka Fort Jesus, na kwa miaka mingi sikuona sababu ya kuisimamisha mahali pengine njiani.

Wala si wa kulaumiwa sana. Fort Jesus ni jengo la kukufunga mdomo. Wareno walianza kulijenga mwaka 1593, ramani ikiwa imechorwa na Mwitaliano aliyeitwa Giovanni Battista Cairati. Waarabu wa Oman walilizingira mwaka 1696 na hawakuliteka hadi Desemba 1698. Waingereza nao wakaligeuza kuwa jela tangu 1895 hadi 1958. Leo ndani yake mna makumbusho yenye vyungu na vigae vilivyofukuliwa katika miji ya kale ya pwani, pamoja na vitu vilivyoopolewa kutoka merikebu ya Wareno, Santo António de Tanna, iliyozama hapo hapo mbele ya ngome mwaka 1697.

Niliwapeleka watoto huko likizo ya Agosti. Wakapanda mizinga, wakapigwa picha, wakaomba madafu. Kitinda mimba wangu, mvulana wa miaka kumi, ndiye aliyeniharibia siku. Alisimama juu ya ukuta akitazama bahari, kisha akanigeukia. "Baba, na kwetu Lambwe adui akija watu walikuwa wakijificha wapi?"

"Porini," nikamjibu.

Mwenye kututembeza akacheka, nami nikacheka. Lakini usiku ule usingizi ulinipaa, kwa sababu nilikuwa nimemdanganya mtoto. Nilipokuwa mchungaji wa ng'ombe kule bondeni, tulikuwa tukicheza juu ya kuta za mawe zilizokuwa kilimani kabla hata babu yangu hajazaliwa. Tuliziita ohinga, na kazi yake kwetu ilikuwa kutupa vijiwe vya kupigia ndege.

Basi, Desemba tulipokwenda nyumbani, nikasema safari hii mtoto atajibiwa vizuri. Nikampakia mzee wangu kiti cha mbele, watoto nyuma, tukaelekea Thimlich Ohinga.

Kwa asiyezijua sehemu hizo, Bonde la Lambwe liko Homa Bay, na humo ndimo ilimo Mbuga ya Ruma, mahali pekee nchini Kenya ambapo korongo bado anaishi porini. Zamani bonde hili lilisifika kwa ubaya: mbung'o na malale. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa huo ulirudi kwa kishindo, na mzee husimulia jinsi watu walivyokuwa wakisinzia mpaka kaburini. Thimlich yenyewe iko mbele zaidi, upande wa Migori. Sisi tulipitia Rodi Kopany na Ndhiwa. Ukienda, nenda asubuhi, beba maji, vaa viatu vilivyofunika vidole, na mvua ikiwa imenyesha muulize mtu hali ya barabara kabla hujatia gari ufunguo.

Jina lenyewe kwa Kijaluo ni la kumtisha mgeni: msitu mnene unaoogofya. Na ndivyo unavyofikia, kupitia vichaka na ile miti yenye utomvu mweupe ambayo Wajaluo huiita bondo. Halafu ghafla, ukuta.

Msomaji, nisingependa kukutilia chumvi. Hakuna mizinga na hakuna bahari. Kuna mawe. Lakini yatazame vizuri. Hayakuchongwa, yaliokotwa kama yalivyo, na katikati yake hamna chokaa, saruji wala hata udongo. Jiwe limelikalia jiwe, dogo limeziba pengo la kubwa, ukuta ukapanda kutoka mita 1.5 mpaka mita 4.5 mahali pengine, na unene wake unapita hatua moja ya mtu mzima. Wataalamu wanakadiria kwamba ulijengwa katika karne ya 16, yaani karibu wakati ule ule Wareno walipokuwa wakihangaika na Mombasa yao. Mreno alileta fundi wa ramani kutoka Ulaya. Huku hakuletwa mtu.

Nilichokipenda zaidi ni malango. Ni mafupi na membamba, na juu yake yamelazwa mawe marefu. Mtu mzima lazima ainame, na wawili hawapiti sambamba. Sasa fikiria wewe ni mwizi wa ng'ombe, umekuja usiku na wenzako ishirini. Mnaingia mmoja mmoja, kichwa mbele, na pembeni mwa lango kuna mahali pa mlinzi aliyekungoja na rungu. Mwanangu alijaribu mara nne. Mara ya tano dada yake akamgonga kichwa na chupa ya maji, mchezo ukaisha kwa kilio.

Boma kubwa kuliko yote linaitwa Kochieng, nalo lina wenzake: Kakuku, Koketch na Koluoch. Ndani unaona mabonde madogo palipokuwa nyumba, na mazizi ya ng'ombe. Wachimbuaji walipata vigae, mifupa ya mifugo, na hata shanga za kioo zilizotoka ng'ambo. Nilisimama nikaziwaza shanga hizo. Zilipita mikono mingapi kutoka baharini mpaka huku? Wenyeji wa kwanza waliondoka, wengine wakaingia na kuzitengeneza kuta, na watu waliendelea kukaa humo mpaka karne ya 20. Mwaka 2018 UNESCO ikaiingiza Thimlich katika orodha ya Urithi wa Dunia, miaka saba baada ya Fort Jesus.

Mzee wangu muda wote huo alikuwa kimya. Tulipofika lango la mwisho akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo.

"Mawe haya nayajua," akasema.

Ndipo akatusimulia. Alipooa alitaka nyumba yenye msingi imara. Kilimani kwetu kulikuwa na ohinga tupu, haina mwenyewe. Akakopa ng'ombe na mkokoteni, akateremsha mawe muda wa wiki tatu. Msingi wa nyumba niliyozaliwa ni ohinga. Zizi letu pia.

"Kwa hivyo, Kwaro, sisi tunalala juu ya ngome?" mwanangu akauliza.

"Mnalala juu ya uvivu wangu wa kupasua mawe," mzee akajibu, akainama akatoka.

Thimlich inalindwa na Makumbusho ya Taifa, lakini si peke yake. Katika eneo hili la ziwa yamehesabiwa mahali 138 penye kuta za namna hii, na mengi yako katika mashamba ya watu, yakiliwa kidogo kidogo na mikokoteni. Ni rahisi kwangu mimi ninayelala mjini kusema mawe yaachwe. Wewe uliyewahi kununua lori la mawe ya msingi unajua bei yake, na unajua jiwe la bure lilivyo tamu.

Kesho yake mzee alimshika mjukuu mkono wakapanda kilimani kwetu, nami nikawafuata. Kilichobaki ni kipande cha ukuta kinachomfika mtoto kiunoni, na lango moja, jiwe lake la juu bado liko mahali pake. Kando yake tulikuta rundo la mawe mapya yaliyokwisha kutengwa. Jirani yetu anaozesha kijana wake na anataka kumjengea.

Mzee alikwenda kwake jioni hiyo. Sikuitwa, lakini sauti zilisikika mpaka zizini. Aliporudi alisema jirani amemuuliza swali moja tu: yeye ya kwake aliyapata wapi? Hakuwa na jibu. Wamekubaliana lango lisiguswe mpaka Pasaka, nitakapokuja tuketi pamoja, na kwamba nisije mikono mitupu.

Nimeanza kuulizia bei ya lori moja la mawe kutoka Homa Bay.