Herufi Mbili za Tuvalu

Wapo wanaonena kwamba Tuvalu ilipata bahati. Huisimulia habari yake kama ngano ya fukara aliyeokota lulu: visiwa tisa katika Pasifiki, ardhi ipatayo kilomita 26 za mraba, watu wapatao 11,000, na kumbe orodha ya kimataifa ya vifupisho vya nchi ikawapa herufi T na V, ambazo dunia nzima huzisoma televisheni. Mimi naikataa kauli hiyo, kwa sababu inaficha hesabu.

Kwa mkataba uliokamilika mwaka 2000, kampuni ya Marekani iliahidi dola milioni 50 kwa muda wa miaka 12, ipate haki ya kuuza anwani za intaneti zenye herufi hizo. Malipo ya kwanza yaliisaidia Tuvalu kujiunga na Umoja wa Mataifa Septemba mwaka huo. Jambo hilo silidharau hata kidogo. Lakini mwaka 2014 Amazon ilinunua Twitch, mpangaji mmoja tu wa herufi hizo, kwa dola milioni 970 hivi, na mwenye nyumba hakuwa na fungu. Atajibu mtu kwamba thamani ya Twitch haikutoka katika herufi. Ni kweli, ila kama herufi hazina thamani, mbona zinagombewa?

Si mara ya kwanza. Katika miaka ya 1990 namba ya nchi ya simu, 688, ilikodishwa kwa wageni waliouza mazungumzo yasiyo na haya. Fedha ziliingia, na aibu ikawabakia waumini wa visiwani, ambao hawakuwa wamezungumza lolote.

Na wenyeji je? Anwani zenye jina lao zilipokuwa zikipeleka picha na michezo ulimwenguni kote, wao walitegemea setilaiti, yenye huduma ghali na ya kusuasua. Mkongo wa kwanza wa baharini ulifika Funafuti Desemba 2024, miaka 24 baada ya mkataba ule. Kwa watu wa visiwa vya mbali, Radio Tuvalu ndiyo iliyobeba habari za hali ya hewa na za merikebu, wala haikuhitaji herufi ya mtu.

Hudaiwa kwamba nchi ndogo haiwezi kushindana bei. Basi Desemba 2021 Tuvalu ilimwacha mpangaji wa zamani, ikampa GoDaddy kazi hiyo kwa malipo makubwa zaidi. Hiyo si bahati; ni mwenye mali aliyejua kukataa.

Liko neno zito zaidi. Mwaka 2023 Tuvalu ilibadili katiba yake, ikatamka kwamba dola itadumu hata bahari ikimeza ardhi. Haki ya herufi hizo nayo iandikwe vivyo hivyo katika kila mkataba, kabla wakili wa mpangaji hajauliza nchi yenyewe iko wapi.