Mazungumzo ya Juma: Siku Moja Yenye Majira Mawili



Wako watu wengi ambao, wakisoma gazetini ya kwamba joto la kawaida la mji fulani kwa tarehe fulani ni digrii kadha wa kadha, hudhani wamepewa ahadi. Siku yenyewe ikija na hali nyingine, husema kwamba wataalamu wa hewa ni waongo. Neno hili si la haki. Juma hili nataka tulichungue kwa kuutazama mji mmoja wa mbali, Oklahoma City katika nchi ya Marekani, na siku moja tu, yaani Jumamosi tarehe 11 Novemba, mwaka 1911.

Kwanza tujue hesabu yenyewe. Katika kituo cha kupima hewa huwapo kisanduku cheupe cha mbao, ambacho pande zake ni vibao vilivyoachana, ili upepo upite na jua lisiingie. Ndani yake mna vipima-joto viwili: kimoja huonyesha joto kubwa kabisa la siku, na cha pili joto dogo kabisa. Karani huziandika hesabu hizo mbili daftarini kila siku. Zikijumlishwa na kugawanywa kwa mbili, hupatikana wastani wa siku ile. Na hesabu za siku zikikusanywa kwa muda wa miaka 30, ndipo hupatikana kile tunachokiita kadiri ya kawaida. Wakuu wa idara za hewa wa mataifa walipokutana Warsaw mwaka 1935 walikubali kipindi cha kwanza kiwe tangu mwaka 1901 hadi 1930. Kipindi cha karibuni ni cha 1991 hadi 2020.

Lakini daftari lina ukurasa mwingine, nao ni wa upeo. Humo huandikwa, kwa kila tarehe ya mwaka, joto kubwa kupita yote na joto dogo kupita yote yaliyopata kuonekana katika tarehe hiyo tangu kituo kilipoanza.

Sasa tuirudie siku yetu. Mwezi wa Novemba katika nchi zile ni mwisho wa majira ya majani kupukutika, kabla ya baridi kuu kuingia. Mji wa Oklahoma City ulikuwa bado mchanga, kwa kuwa ulianza mwaka 1889, na kwa hiyo daftari lake halikuwa limetimiza hata ile miaka 30. Siku hiyo joto lilipanda mpaka digrii 83 za Fahrenheit, yaani kama 28 za Sentigredi. Ni joto ambalo mtu wa Mombasa asingelishangaa. Kisha upepo ukageuka ukavuma kutoka kaskazini. Ilipofika usiku wa manane kipima-joto kilionyesha digrii 17, na maji huganda kwenye digrii 32. Hivyo tarehe ile moja iliandikwa katika daftari mara mbili: upeo wa joto na upeo wa baridi. Hata miaka 100 ilipotimia, mwaka 2011, upeo wote mwili ulikuwa bado haujavunjwa.

Katika mji wa Springfield, jimbo la Missouri, mambo yalikwenda kwa kasi zaidi. Saa kumi kasorobo alasiri palikuwa na digrii 80. Saa kumi kamili zilikuwa 40 tu. Na usiku wa manane 13. Kaskazini zaidi, huko Janesville katika jimbo la Wisconsin, kimbunga kiliua watu 9, na waliokuwa wakiwatafuta majirani zao katika vifusi walikutwa na theluji na baridi kali kazini.

Sababu yake si uchawi. Nchi tambarare za katikati ya Marekani hazina mlima uliolala toka mashariki hata magharibi wa kuizuia hewa. Hewa ya baridi hushuka kutoka ncha ya kaskazini kupitia Kanada, na hewa ya joto yenye unyevu hupanda kutoka Ghuba ya Mexico. Zikikutana, ile ya baridi, kwa kuwa ni nzito, hupita chini na kuisukuma ya joto juu. Ndipo hutokea dhoruba.

Basi chukua kalamu, ndugu msomaji. Jumlisha 83 na 17, upate 100. Gawanya kwa mbili, upate 50. Na wastani wa mwezi mzima wa Novemba katika mji ule ni karibu digrii 50! Mtu akiletewa wastani peke yake, atasema siku ile ilikuwa ya kawaida kabisa, wala haina la kusimulia. Hesabu haikusema uongo, bali yeye aliuliza swali moja palipotakiwa maswali mawili.

Kwamba jambo hili ni la uhai na mauti lilionekana tena tarehe iyo hiyo, 11 Novemba, mwaka 1940. Asubuhi ilikuwa ya joto, na wawindaji wengi wa mabata mwitu wa jimbo la Minnesota walikwenda kwenye visiwa na vinamasi vya mto Mississippi wakiwa na nguo nyepesi. Mchana upepo ukageuka, mawimbi yakawazuia kurudi, na theluji ikawafunika. Katika majimbo yote yaliyopigwa na dhoruba ile walikufa watu zaidi ya 140.

Sisi wa Kenya hatuna theluji ya Novemba, ila tuna mvua za vuli, nazo pia hupimwa kwa kadiri ya miaka 30. Wazee wanaikumbuka vuli ya mwaka 1961, jinsi mito ilivyofurika na barabara zikakatika; na vuli ya mwaka 1997 vilevile. Kadiri ya kawaida haikuitaja mafuriko, kwa maana miaka ya mvua nyingi na miaka ya ukame ikichanganywa hufichana.

Kwa hiyo yafaa mkulima azitumie kurasa zote mbili. Kwa kadiri ya kawaida na achague mbegu na wakati wa kupanda. Kwa upeo na apime kimo cha daraja lake, upana wa mfereji wake, na wingi wa chakula cha kuweka ghalani. Tena ajifanyie daftari lake mwenyewe. Kipimo cha mvua kisomwe kila siku saa tatu asubuhi, na siku isiyo na mvua iandikwe sifuri, maana sifuri nayo ni habari. Siku aliyosahau kupima aiache wazi, asibuni. Daftari lenye pengo lina faida kuliko lililojazwa kwa kukisia.

Kadiri ya kawaida hukuonyesha njia, na upeo hukuonyesha shimo lililomo njiani. Akiba haiozi.